Masikio ya Simba wa Bahari

Benchi la kahawa la Leonida, mjini Eldoret, lina katiba ya kifungu kimoja: ubishi ukianza, simu zinabaki mfukoni, na atakayetoa yake kutafuta jibu atawanunulia wote kahawa. Sheria hiyo imewakinga wanabenchi na balaa la kujua mambo. Asubuhi hiyo Javan mchoraji alikuja akiwa na shida ya kweli. Mbele yao, kwenye ukuta wa hoteli mpya ya samaki ya Mama Nyakio, alikuwa amechora simba wa bahari, maana ndilo jina la hoteli. Mama akampiga picha mnyama, akamtumia bintiye Eddah huko Marekani, na Eddah akajibu kwamba huyo ni sili, mnyama mwingine wa majini. Javan akapewa hadi saa sita amgeuze. Mji mzima uliijua brashi yake kwa maneno mawili tu, USIKOJOE HAPA, na huu ndio ukuta wa kwanza aliowahi kupewa aupambe.

— Wazee, sili na simba wa bahari wanatofautiana aje?

Okeyo aliitwa Admiral. Alizaliwa karibu na ziwa, kwa hivyo alijipa mamlaka juu ya maji yote duniani, hata ya mfereji.

— Manyoya, akasema. Simba ni simba. Hata umtupe kwa maji, shingo yake inabaki na nywele.

— Ulimwona wapi, Admiral? Javan akauliza.

— Mimi nimekulia majini, bwana. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

Hakuna aliyeuliza mhunzi ameingiaje. Wanjohi, muuza dawa za mifugo waliyemwita Daktari, alishikilia kwamba mnyama ni mmoja tu: sili ni simba wa bahari aliyekosa dawa ya minyoo, ndiyo sababu anajiburuta kwa tumbo.

Akabaki Kimutai, Coach, mfunza wakimbiaji. Huyo hupima kila kiumbe kwa miguu, ng'ombe kwa mchungaji wa kanisa.

— Mmesahau methali. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Sasa ataenda pole na nini kama hana miguu? Huyo anatembea. Sili naye, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hasikii kwa sababu hana masikio, na hiyo guu ndio hiyo ilivunjika.

Walimcheka mpaka Leonida akamwaga kahawa. Daktari akashauri Coach apimwe kichwa. Javan alicheka nao, ila mkono wake ulikuwa umeshateleza mfukoni.

— Toa tu, Admiral akamwambia. Na mimi nitakunywa na mandazi.

Javan akautoa mkono mtupu. Akapanda ngazi, akamvisha mnyama manyoya ya shingoni, Admiral akimwelekeza kutoka chini kwa kijiko. Daktari akadai mkia wenye kishungi, dalili ya afya njema. Javan akauongeza.

Saa sita Mama Nyakio alifika, akautazama ukuta, kisha akawasomea ujumbe wa Eddah. Simba wa bahari ana masikio madogo ya nje, na nchi kavu hutembea kwa mapezi yake. Sili ana matundu tu, na hujiburuta kwa tumbo. Coach alikunywa kahawa yake polepole, na hakuna aliyemtazama.

— Nyinyi wote mko na simu? Mama akauliza.

— Tuko nazo, Mama.

— Sasa mbona hakuna mtu aliangalia?

Admiral alitafuta methali, akaikosa. Akatafuta kahawa kikombeni, nayo ilikuwa imekwisha. Leonida akainamisha birika kuonyesha kwamba hata huko hamna kitu.

Mama Nyakio hakugomba. Laiti angegomba.

— Javan, nitaita mtu mwingine apake juu ya hiyo. Lakini kabla uende, hapo chini niandikie ile yako. Hiyo hukosei.

Javan alichovya brashi, akapiga goti mbele ya benchi zima, akaandika USIKOJOE HAPA, na kama alivyosema Mama, hakukosea hata herufi moja.