Mama Pasi na Barua Isiyo Yake

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu Mama Pasi atatundika aproni yake, akiwa ametimiza miaka thelathini na moja katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu. Katibu wa wafanyakazi alitaka kuandika wasifu huu yeye. Nilimwambia, mwanangu, kaa pembeni. Ulipozaliwa mimi nilikuwa tayari nawasha boila inayompa huyu mama mvuke. Kalamu yangu ni nzito, lakini nimeandika mwenyewe, siku nne, sikusaidiwa na mtu.

Alianza kwa kufua bandeji kwa mikono. Baada ya miaka sita akapewa ile pasi kubwa ya mvuke, ndipo jina likamganda. Mashuka aliyakunja pembe juu ya pembe, hata upepo ukose pa kuingilia. Siku moja alikuta meno ya bandia kwenye mfuko wa koti la daktari mmoja mkubwa. Hakupiga kelele. Aliyachemsha, akayafunga kwenye kitambaa kilichonyooshwa vizuri, akampelekea kwenye sinia kama chai. Daktari yule, mpaka anahama, alikuwa anamwamkia yeye kwanza.

Amefundisha madobi kumi na saba. Alikuwa msimamizi wa chumba kwa miaka minane, halafu akaondolewa. Hapo kwenye kuondolewa ndipo mnapojua uongo, na uongo huo ni wangu.

Kazi ilikuwa hivi. Kila saa moja mtu wa boila anatazama kioo cha maji, na namba inaandikwa kwenye daftari. Mimi boila naijua kwa sauti tu, fundi wa kunizidi hajazaliwa, lakini kuandika kulinitoa jasho. Kwa hiyo nilisoma namba, nikapaza sauti dirishani, na Mama Pasi akaandika upande wake. Miaka kumi tulifanya hivyo.

Asubuhi moja nilikuja nimelewa. Si kidogo. Nililala juu ya magunia nyuma ya boila, na kila kengele ya saa ilipolia niliinua kichwa nikaita, "Sita!" bila kukitazama kioo, nikalala tena. Yeye akaandika sita, mara nne. Maji yakaisha, boila ikaungua. Siku mbili hapakuwa na shuka safi, na wagonjwa wa kupasuliwa wakarudishwa wodini na njaa zao.

Mwandiko ulikuwa wake. Aliulizwa kama alikiona kioo, akasema hakukiona. Mimi nikaulizwa kama niliita namba zile. Nikasema sikumbuki. Nilikumbuka vizuri sana. Yeye akapewa barua ya onyo kwa kuandika namba za uongo, akavuliwa usimamizi. Mimi nikapewa boila mpya.

Wiki iliyofuata akaja na kikaratasi alichonakili kwenye ubao wa wagonjwa wa nje: kikundi cha watu wanaoacha pombe, Jumanne saa kumi na moja jioni, chumba cha nyuma ya karakana ya maseremala. Nikamwambia mimi si mlevi, mimi nakunywa tu.

"Haya kaka, twende ukawaambie hivyo hivyo."

Niliizunguka karakana mara tatu. Mara ya nne alinikamata mkono wa shati akanisukuma ndani, yeye akabaki nje kwenye benchi. Ndani walikuwa watu tisa na birika la chai. Zamu yangu ilipofika nikajigamba kwamba namaliza chupa tatu na bado natembea juu ya ukuta. Mshonaji mmoja, rika la binti yangu, akasema polepole, "Baba, hapa hatushindani. Sote tulishashinda, ndiyo maana tuko hapa." Wakacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mama Pasi alikaa kwenye benchi lile Jumanne thelathini na nane. Mimi nilitoroka mara mbili, yeye hakukosa. Leo nina miaka saba bila tone, na nimejisifu kwa hilo harusini, msibani, hata kwa watu nisiowajua. Lakini habari ya barua sikuitamka hata kikundini. Kila Jumanne niliimeza. Pombe niliiweza, aibu hii ndiyo iliyonishinda.

Wiki iliyopita niliisema. Mshonaji akauliza, "Na kazini je, umesema?" Kesho yake nilimwambia Mama Pasi kwamba nitaandika. Akakataa katakata. "Acha, kaka. Mimi nimeshamaliza. Wewe umebakiza miezi saba ustaafu, utajiharibia bure." Lakini mimi ni mbishi, mnanijua.

Basi Bwana Afisa Utumishi, utakaposoma haya mbele ya wote, ujue namba zile niliziita mimi, nikiwa mlevi na macho nimefumba. Barua ile itoe kwenye faili lake kabla hajatundika aproni, uitie kwenye langu.

Na wewe Mama Pasi, dada yangu, sisi wote tunakushukuru. Nenda ukapumzike, miguu juu ya kigoda, mashuka afue mwingine. Tunakuombea miaka mingi yenye afya na kicheko. Msamaha sikuombi leo, maana mbele za watu utaona haya kuninyima. Nitakuja kwako Jumapili, peke yangu, ili ukitaka kukataa ukatae.