Mama Mkwe Alipokula Sahani Moja Nami

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Amina! Mkiona nimesimama hapa Temeke na kiuno hiki, jueni Mungu hajalala.

Wengi mlinijua nilipokuwa bonge. Enzi za foleni za sukari tulikonda wote, lakini vitu vilipokuwa ruksa, jamani, nilikula kulipiza kisasi! Chapati zinazochuruzika mafuta, soda asubuhi, soda jioni. Mkanisifu: "Mama Neema umenawiri, ndoa imekukubali!" Nami nikavimba kichwa na tumbo.

Ndipo nikaanguka hapahapa kwaya ikiimba, kifua kimebana kama nimewekewa gunia. Daktari akasema presha iko juu, sukari iko juu, mafuta yamejaa kwenye damu, na hilo tumbo mnalolisifu limeungana nayo kuushambulia moyo. "Mama, meza dawa na upungue, la sivyo moyo utagoma."

Nikatii. Mchicha wa kuchemsha, na kila alfajiri kwa miguu mpaka Buguruni. Nikapungua kweli! Lo, ndugu zangu, ulimi hauna mfupa. Mnaujua ugonjwa unaotutisha miaka hii, aliyekonda keshahukumiwa. "Mama Neema kakanyaga miwaya!" Siku ya kipaimara cha Neema wangu, wageni hawakugusa chakula nilichopika. Nililia jikoni. Nikavuta sahani ya chapati, nikasema bora nife mnene niheshimiwe.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Upareni kwa sherehe ile, akanikuta. Akanishika mkono mpaka uani, akaketi mbele ya wageni wote, akaweka mchicha wangu katikati yetu. Nikala. Akachukua kijiko kilekile kilichotoka kinywani mwangu, naye akala.

"Mkwe wangu anatibu moyo," akasema. "Anayemtaka anenepe, aanze kumchimbia kaburi."

Mwanamke huyu! Yuko pale mbele, mwenye kilemba cheupe, mpigieni makofi! Zile chapati sikuzigusa. Dawa sijaacha, presha imetulia, na leo naimba beti zote bila kuhema.

Wageni walipoondoka nilimuuliza, "Mama, hukuogopa? Kama ningekuwa nao kweli?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Ningekula vilevile."

Ndugu zangu, mtegemeeni Mungu, maana ana watu wa namna hii. Na ukimwona mwenzio amekonda, acha kunong'ona. Sogeza kiti, mle.