Ubao Mweupe wa Laban Komora

Ndugu na majirani, tumemleta Laban Komora nyumbani Hewani, alikozaliwa tarehe 8 Mei 1913, mtoto wa tatu wa Mzee Komora na Mama Habwoya. Tangu udogo alikuwa mtu wa kuuliza. Hata akipewa ndizi, alitaka kujua kwanza imetoka shamba la nani.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mafuriko yakachukua mpunga wa baba yake, naye akarudi kushika jembe. Lakini mwandiko ulikuwa umeshamkaa mkononi.

Tarehe 20 Agosti 1938 alimwoa Rebeka Dado, hapa hapa kanisani, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza Dhadho.

Mwaka 1951 aliacha kupima mchele katika duka la watu pale Garsen, akaanza kazi ambayo wengi hawakujua waiiteje: kuwatungia wafanyabiashara maneno ya kuita wateja, na kuyaandika kwenye mbao. Hakuajiriwa na mtu. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba hasifii kitu asichokijaribu. Dukicha, mshona viatu, alimngoja mpaka akachoka, kumbe mwenzake amevivaa viatu vyenyewe kwenda Chara kwa miguu. Alirudi na vumbi hadi magotini, akaandika: "Viatu hivi vimefika Chara na kurudi." Kwa Mama Hawo wa chai alikunywa wiki nzima.

"Wewe unaandika, au unanimalizia sukari?" Hawo alimwuliza.

Ubao ukatoka: "Chai ya Hawo ina moto, haina haraka." Ungali pale mlangoni kwake.

Kazi ya mwisho ndiyo iliyomkosesha raha. Oktoba mwaka huu wa 1957, Mahmud mwenye duka alinunua mtumbwi mkubwa wa kuvusha watu, akataka ubao wa kusema kwamba ni salama hata mto ukijaa.

"Andika tu, Laban. Neno lenyewe moja."

"Neno moja, lakini watapanda wengi."

Akapanda yeye kwanza. Katikati ya mto maji yaliingia palipokuwa na kiraka, akayachota kwa kofia yake mpaka ukingoni. Alifika nyumbani amelowa chapachapa, anatetemeka. Homa ikamshika, ikashuka kifuani. Mahmud alikuja kumjulia hali, akasema amekwisha kuziba kwa lami, hapapiti hata jasho.

"Nitavuka tena nikipona," Laban alimjibu.

Kila asubuhi alimwuliza mkewe kama kuna mtu mwingine aliyeandika kwenye ule ubao wa Mahmud.

"Bado ni mweupe, Baba Dhadho. Lala."

Hakulala. Alifariki Jumatano tarehe 13 Novemba, nyumbani kwake Garsen.

Leo asubuhi mto ulikuwa umejaa, na hapakuwa na mtumbwi mwingine wa kutosha jeneza. Mahmud aliapa, tukapanda. Macho ya wengine yalikuwa kwenye jeneza. Mama Dhadho alikaa karibu na kiraka, akaweka kiganja juu yake, hakukiondoa tangu ng'ambo mpaka huku. Tulipofika alimfungulia Mahmud kile kiganja. Kilikuwa kimelowa.

"Bado," akamwambia.

Mahmud ameuvuta mtumbwi wake juu na kuupindua. Kwa hiyo waliotoka Garsen watavushwa kwa mitumbwi midogo ya hapa, wachache wachache. Tafadhali wenye watoto watangulie, jua lingali juu, maana maji yanazidi kupanda.

Laban amemwacha mama yake mzazi, Mama Habwoya. Mjane wake, Rebeka Dado. Na watoto wake, Dhadho na Habwoya, huyu mdogo aliyepewa jina la bibi yake.

Laban, umevuka tena kama ulivyoahidi. Pumzika kwa amani. Ubao hauna neno.