Koti la Orville Haugstad

Lyle Haugstad, mdogo wake marehemu na ndiye anayewasomea wasifu huu wa msibani, anaweka dau trekta lake, ambalo kila mtu hapa anajua ndilo zuri kuliko yote katika kaunti: hakuna atakayeamini kwamba Orville alichukia ng'ombe. Aliwafuga miaka hamsini na mbili, na kila asubuhi ya baridi alitema mate akasema, "Wananuka, wanaharisha, na wakiona theluji wanatafuta pa kufia."

Orville alizaliwa tarehe 9 Februari 1946 kwenye shamba la baba yake, kaskazini ya Hettinger, Dakota Kaskazini. Alisoma mpaka darasa la kumi na mbili. Lyle aliishia la nane, maana alikuwa keshajua yote.

Tarehe 14 Juni 1969 Orville alimuoa Verna Skogen. Machi iliyofuata Verna alikuta ndama kwenye beseni lake la kuogea, kajaa ute na mavi, anapashwa joto kwa maji ya uvuguvugu.

"Orville, mimi nitaoga wapi?"

"Subiri atoke, mama."

"Na sabuni yangu?"

"Ameila."

Kazi yake ikawa hiyo hiyo mpaka mwisho. Kupasua kwa shoka barafu ya birika la kunyweshea ng'ombe. Kuvuta ndama aliyekwama tumboni, mkono ndani mpaka begani. Kuokota masikio ya ndama yaliyokatika kwa baridi. Ndama akifa, alimchuna akamvisha yatima ile ngozi, ili ng'ombe aliyefiwa anuse harufu ya mwanawe na amkubali. Siku ya nne ngozi ilikuwa inaozea mgongoni. Lyle alitapika mara mbili, na yeye si mtu wa kutapika. Uchafu wote huo uliishia kwenye koti moja la kahawia, ambalo Verna alikataza lisivuke mlango.

Januari 2021 Orville alikutwa na saratani ya kongosho, akalazwa Bismarck. Lyle akabaki na ng'ombe. Orville alimpigia simu kuhusu ng'ombe mwenye namba sitini na moja sikioni, aliyekuwa karibu kuzaa.

"Yule ana kichaa, hamtaki mtu ila mimi. Vaa koti langu. Nataka nimwone ndama wake kabla sijaenda."

"Kaka, hilo koti likiachwa litatembea lenyewe."

"Vaa hivyo hivyo, kidomodomo wewe."

Tarehe 11 Machi theluji ilipiga, na sitini na moja akashikwa na uchungu. Lyle alimwendea na koti mwilini. Ng'ombe akamnusa, akavunja uzio, akakimbilia bondeni akazalia huko. Lyle alipofika, ndama alikuwa mgumu kama gogo.

"Amekufa, kaka," alisema kwenye simu.

Orville akauliza, "Si ulivaa koti?"

"Nililivaa."

Alifariki tarehe 19 Machi, saa nne asubuhi, Verna akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke wake Verna, binti yao Karla, wajukuu wawili, mdogo wake Lyle, na ng'ombe arobaini na tatu ambao hakuna ndugu anayewataka. Mungu amlaze pasipo theluji wala mavi.

Koti Lyle alilivaa kweli. Lakini alilifua kwanza, mara mbili, kwa sabuni ya unga. Alikosea.