Mzee Malachie na Mashine Iliyokula Watu

Kuna jambo ambalo kwa miaka miwili sikumwambia mtu yeyote. Papa Luc, mkubwa wa duka letu, aliponiomba niandike wasifu wa Mzee Malachie Maliro kwa ajili ya sherehe, alisema niandike mazuri tu. Nimeyaandika. Lakini zuri lake kubwa kuliko yote haliwezi kuelezwa bila kosa langu.

Mzee Malachie anastaafu tarehe 28 Juni 2002, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Aliingia dukani hapa Kimemi, Butembo, mwaka 1973, akiuza mashine za kuandikia, karatasi za kaboni na fiche za depo, yaani kadi za kuandikia bidhaa za ghala. Mwaka 1995 duka lilianza kuuza kompyuta, pamoja na programu za kuendeshea kampuni: za kufuatilia bidhaa, kupanga zamu za wafanyakazi, kutunza orodha za wateja. Mwaka uliofuata vita vikaanza, na tangu hapo kazi yake imekuwa kuanza upya. Kompyuta za kwanza ziliporwa. Za pili alizificha ndani ya magunia ya maharagwe, zikatoka zimejaa vumbi na wadudu. Za tatu ndizo tunazotumia leo, jenereta ikikubali.

Safari za kwenda kwa wateja wa mji wa Beni alizifanya juu ya malori, kompyuta ikiwa mapajani, imefungwa kwa blanketi kama mtoto mwenye homa. Kwenye kizuizi kimoja askari aliifunua.

"Hii ni televizio?"

"Hapana, chef. Ni mashine ya kuandika."

"Inaimba?"

"Haiimbi, chef. Inaandika tu."

Askari akamwonea huruma. "Muzee, ulibebeshwa kitu ya bure," akasema, akamwacha apite.

Alikuwa na njia yake ya kuchagua programu. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kufuatana na zamu yake ya kuzaliwa, kwa hiyo akina Kakule wamejaa kila mtaa. Programu nyingi zilitengenezwa na watu ambao hawajawahi kukutana na Kakule wawili. Mzee Malachie alipokwenda Kampala kununua, aliketi mbele ya mashine ya muuzaji na kuandika majina yote ya kwaya ya kanisa lake. Wauzaji walicheka. Programu ikiwakubali Kakule wake wanne kuwa watu wanne, aliendelea kusikiliza. Isipokubali, alivaa kofia yake akaondoka.

Kwa miaka saba aliuza programu kwa kampuni tisa tu. Wateja wengine watatu aliwaambia wabaki na fiche zao, kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuiangalia mashine. Papa Luc alikasirika mara zote tatu.

Sasa kosa langu. Mwezi wa tatu wa mwaka 2000 nilikuwa stagiaire dukani, mwanafunzi wa mazoezi ya kazi, nikitokea section commerciale, tawi la biashara la shule yetu. Nilikwenda na Mzee Malachie Beni, mtaa wa Ruwenzori, kwenye depo ya dawa inayosimamiwa na Mama Agar. Depo ile hugawia vituo vya afya, na kila sanduku hutoka kwa jina la muuguzi. Mzee alikuwa ameichunguza programu na kujua tabia yake. Aliniambia: "Ikikuuliza juu ya majina yenye kufanana, sema non, hapana." Kisha akatoka kuongeza mafuta kwenye jenereta.

Mimi nilikuwa nimesoma kitabu cha maelezo chote, usiku mbili. Kitabu kilisema kila jina liwe moja tu. Mashine iliponiuliza kama ifute majina kumi na moja yaliyojirudia, niliamini kitabu kuliko mzee. Nikabonyeza oui, ndiyo. Nilijiona mwerevu.

Juma lililofuata Ananie Kakule, muuguzi wa Mabalako, alifika kwa baiskeli baada ya siku mbili njiani. Jina lake halikuwepo: mashine ilikuwa imewahesabu akina Kakule wote kuwa mtu mmoja. Alirudi bila sanduku. Mzee Malachie aliposikia, alirudi Beni pamoja nami, akalinganisha orodha na fiche za zamani, kisha akapeleka sanduku lile Mabalako yeye mwenyewe, sehemu kubwa kwa miguu. Wagonjwa walikuwa wamengoja siku tano zaidi. Sijawahi kuuliza nini kilitokea siku hizo.

Mama Agar alimkemea mbele ya wauguzi wote. "Mashine yako imekula batu, Malachie."

"Ni mimi, Mama," alijibu. "Nilichoka, nikabonyeza mubaya."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikamwacha abebe kosa langu. Njiani nilijaribu kusema, akanikatiza: "Élise, jina yako ingali mupya. Yangu imeshazoea."

Depo ikarudi kwenye fiche, na tangu siku ile watu wa sokoni Beni walimwuliza, "Muzee, mashine imeshiba?" Yeye alijibu kwamba inafunga saumu. Lakini mwishowe aliacha kwenda Beni, na kampuni mbili za huko zilikataa hata kumsikiliza. Anastaafu akiwa na sifa hiyo, na si yake. Ni yangu.

Mzee Malachie, umechoka, na una haki ya kuchoka. Asante kwa kila blanketi, kila lori, kila mteja uliyemrudisha nyumbani mikono mitupu kwa faida yake. Sisi sote wa duka tunakuombea siku tulivu na miguu isiyouma, na barabara ikitulia, uende Beni kutembea tu.

Jumamosi iliyopita, kabla ya kumpa Papa Luc ukurasa huu, nilipanda lori kwenda Beni. Nilimkuta Mama Agar deponi, nikamsomea yote, nikiangalia karatasi tu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ye alijua ni wewe?"

"Alijua, Mama."

Akavuta kiti. "Ikala hapa. Andika ile ya oui na ya non, ueke na jina yako."

Nikaketi, nikaandika, nikaweka sahihi: Élise Kavira. Aliibandika kwenye mlango ambapo wauguzi hupokelea masanduku. Nilisubiri mpaka muuguzi wa kwanza akafika, akaisoma, akanigeukia. Halafu nikatafuta lori la kurudi Butembo.