Homa ya Muema na Mbuzi wa Ntheo

Kriii. Mlango wa bati wa choo cha Muema ulilia usiku, na majirani wakajua homa imerudi. Kulipokucha, habari ilikuwa imeshafika kwenye benchi la Othman muuza kahawa, pale Katangi, kando ya fundi wa pancha. Muema mwenyewe alifika amejifunga jaketi hadi kidevuni, jua la Yatta likiwaka kama halina kazi nyingine. Walimwita Injinia, kwa sababu ndiye aliyefungulia mashamba ya maharagwe maji ya mfereji. Jumamosi alitakiwa kupeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Nthambi, ili uchumba wake na binti huyo ujulikane na wazee. Na sasa hata kushika kikombe kulimshinda.

— Injinia, umekaa kama kuku aliyenyeshewa, alisema Breki, kijana wa boda.

— Ni taifodi. Imerudi tena.

— Si ulimaliza dawa?

— Nilimaliza. Hata zile za mwisho nilimaliza. Napona kidogo, inarudi.

Mzee Kaloki, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya redio aliyotembea nayo, alikohoa kufungua kikao.

— Shida ni godoro. Wadudu wa taifodi wakisikia dawa inakuja, wanashuka, wanajificha kwa godoro. Dawa ikiisha, wanapanda.

— Wanapanda na ngazi gani, mzee?

— Kwani miguu ya kitanda ni ya nini?

— Wacha hiyo, Breki alisema. Ni boosta ya simu, ule mnara hapo juu. Inachemsha damu pole pole. Zima simu, utaona.

— Simu yangu iliharibika tangu Krismasi, alisema Muema.

— Basi ni ya jirani!

Othman alimimina kahawa bila haraka.

— Mimi nasema ni wale mbuzi. Wamejua safari ya Jumamosi. Jana beberu aliniangalia hivi, machoni. Yule hana nia njema.

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Muema naye alicheka, na maumivu yakamkata chini ya kitovu. Alimkumbuka baba yake Nthambi, aliyemuuliza swali moja tu siku ile ya kwanza: "Kijana, uko na afya?" Alijibu ndiyo. Lakini chini ya homa kulikuwa na jambo jingine. Walipokuwa watoto, mvulana aliyekojoa damu baada ya kuogelea mferejini alipigiwa makofi na wenzake: amekuwa mwanaume! Ukubwani alisikia mengine, kwamba mtu wa hivyo huenda asipate mtoto. Tangu hapo jina la ugonjwa huo hakulitamka. Breki tu ndiye aliyejua kwamba naye hukojoa damu, na hata kwake hakulitaja.

— Shikamoo, ami.

Alikuwa Faiza, binti wa kaka yake Othman, aliyekuja kumjulia hali.

— Marahaba, mwanangu. Huyu anapima watu maabara kule Tala, Othman aliwaambia kwa majivuno. Semeni naye.

Walisema naye wote kwa pamoja: godoro, boosta, beberu. Faiza alicheka mpaka akashikilia rundo la matairi ya fundi. Kisha akamgeukia Muema.

— Kaka, unafanya kazi ndani ya maji?

— Kila siku. Mpaka magoti.

— Kuna minyoo ya majini. Inapenya ngozi, inaishi mwilini miaka. Sasa bakteria wa taifodi wanaweza kujishikiza kwa hiyo minyoo. Dawa inaua walio nje, waliojibanza wanangoja. Dawa ikiisha, wanatoka. Ni lazima utibiwe yote mawili.

Profesa aliruka.

— Si ndiyo godoro langu! Nilisema wanapanda!

— Ulipimwa mkojo, kuona mayai ya hiyo minyoo? Faiza aliuliza.

Muema alitazama ndani ya kikombe. Breki akamuwahi.

— Alipimwa, dada! Safi kabisa. Daktari hata aliusifu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa maji mengi sana.

Hata fundi wa pancha aliacha kupiga nyundo.

— Wewe ndiye ulikunywa maji, alisema Faiza taratibu. Sasa aliyepimwa ni nani?

Breki aliinama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo. Profesa alizungusha kitufe cha redio, redio ikiwa imezimwa. Othman aliinamisha birika. Likatoa machicha matupu.

— Na watoto? Muema aliuliza. Mtu kama huyo... anaweza kupata watoto?

— Akitibiwa mapema, mara nyingi anapata. Dawa iko. Lakini chupa ajaze mwenyewe, na daktari aambiwe ukweli.

Muema aliteremsha zipu ya jaketi. Aliwatazama mmoja mmoja, Breki wa mwisho, kama mtu anayefungulia maji baada ya kiangazi kirefu.

— Niko na kichocho, alisema.