Jua Linachelewa Upande Wetu

Benchi letu limeegemea ukuta wa nyumba ya mwenzetu Climent, upande wa kivuli wa mto. Kila Novemba jua hujificha nyuma ya mlima, na hatulioni tena hadi Siku ya Mishumaa, mwezi wa pili, linapochungulia kwenye pengo la juu na kutua hapa hapa ukutani kwa dakika chache. Ng'ambo ya daraja wanaota jua majira yote ya baridi. Sisi Andorra, kanchi ketu kati ya Ufaransa na Hispania, ilitugawia kivuli. Climent alipokwenda kwa binti yake mjini Lleida, chini kwenye tambarare za Hispania, alituambia, "Jua likirudi, na mimi nimerudi." Leo ndiyo siku yenyewe. Tumeagiza kahawa nne zenye brandi, tukaacha nafasi mwisho wa benchi. Tuko watatu: mimi, Ermengol tunayemwita Goti kwa kuwa goti lake hutabiri theluji, na Sever aliyechimba mahandaki ya barabara milimani, tunayemwita Mhandisi.

— Limechelewa, — akasema Goti.

— Labda goti lako limekudanganya tarehe, — akajibu Mhandisi.

— Misonobari ile ndiyo inayolizuia. Enzi za mbuzi, mlima ulikuwa na upara kama wako. Sasa hakuna mbuzi, hakuna mkata kuni. Miti imerefuka, jua lipitie wapi?

— Miti gani, bwana? Ni handaki. Matumbo ya mlima huu nimeyatoa kwa mikono hii. Ukiutoboa tumbo, unakunja mgongo. Umepanda.

— Kumbe mlima ni paka.

— Wewe cheka tu. Ulikuwemo mle?

— Sikuwemo, ila nakwambia kinachoupandisha. Wafaransa wanatusukuma kwa huku, Wahispania kwa kule. Sisi wa katikati tunaumuka kama mkate. Kila mwaka kidogo.

Mhandisi akalitafakari hilo.

— Hapo umenena. Na tukizidi kupanda, barabara ya kutoka Lleida nayo inarefuka.

— Lazima irefuke.

— Ndiyo maana mtu anachelewa.

Tuliacha kutazama mlima, tukatazama barabara. Haikuwa na gari.

— Lleida penyewe ni ukungu mtupu siku hizi, — akasema Goti. — Atakaa kule kufanya nini? Atakuja.

Nilitaka kunyamaza, lakini wote wawili waliona nilichokiona.

— Jana binti yake alikuja na gari la mizigo, — nikasema. — Kachukua kitanda.

— Kitanda kile kibovu, — akasema Mhandisi upesi. — Kinataka fundi.

— Hadi Lleida kutafuta fundi? — nikauliza.

— Wewe kunywa kahawa yako.

Graça, Mreno anayefanya kazi kwenye baa ya jirani tangu Krismasi, akatoka kukusanya vikombe. Alitutazama na makoti yetu, kisha akatazama ng'ambo, ambako mbwa alikuwa amelala juani.

— Wazee wangu, jua lote lile pale, na daraja hili hapa. Mbona hamlihamishi benchi?

Goti akasugua goti. Mhandisi akaanza kueleza uzito wa mbao za mwaloni, akaishia njiani. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni, nikaona nikilitamka litakuwa kweli zaidi ya ninavyoweza kuvumilia.

Graça akanyoosha mkono kwenye kikombe cha nne, kilichojaa. Mhandisi akakifunika kwa kiganja.

— Hicho acha.

Ndipo jua likapenya pengoni. Likaushukia ukuta, likafika kwenye benchi, mwisho kabisa, pale tulipopaacha wazi. Mbao zikaanza kutoa mvuke. Sisi tulikuwa kivulini, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Goti alinyoosha wake, akaurudisha mfukoni. Hakuna aliyesogea.

Likakaa kidogo, likaondoka.

— Kesho litakaa zaidi, — akasema Goti.

— Kesho niwaletee ngapi? — akauliza Graça.

— Nne, — akasema Mhandisi.